Deki ya popobawa haishindi: dalili na vyanzo vyake

Popobawa ana giza, ana mabawa, ana vitisho, na hakuna nyumba Unguja wala Pemba isiyokuwa na kisa chake cha mwaka 1995. Mtie kijana wa hapa karata za Vampire: The Eternal Struggle mkononi, na baada ya michezo michache atataka kumtengenezea popobawa deki yake. Ataipanga kwa mapenzi makubwa, ataifikisha mezani, na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kutolewa. Mara ya pili vilevile. Hapo lawama huanza: karata hazikuchanganywa vizuri, fulani kanionea, leo sina bahati.

Bahati ina sehemu yake, lakini ndogo. Deki za hadithi huumwa maradhi yale yale, na karibu kila mara dalili huonekana mkononi au kwenye akiba, ilhali chanzo kimejificha ndani ya kripti, kwenye zile karata 12 ambazo mwenyewe alizichagua kwa kutazama picha.

Nitatumia deki mbili kama mifano. Moja ni ya popobawa. Nyingine ni ya mumiani, yule mnyonya damu wa hadithi za pwani ambaye hana mabawa, haonekani akiingia, na akitoka chupa imejaa. Utaona kwamba mmoja wao mchezo unampenda tangu mwanzo na mwingine lazima asaidiwe.

Kwa aliyeanza juzi: akiba ni zile pointi 30 anazoanza nazo kila mchezaji. Mawindo yako ni aliyekaa kushotoni kwako, mwindaji wako yuko kuliani. Kibaraka ni vampaya wako aliyepo mezani akikufanyia kazi, na kunyonya ni tendo lake la kumpunguzia mawindo akiba. Kripti ni karata za vampaya, zisizopungua 12. Maktaba ni karata nyingine zote, kuanzia 60 hadi 90. Mkononi unashika 7, na ukicheza moja unavuta nyingine papo hapo. Akiba ya mawindo ikiisha ametoka, wewe unapata pointi 1 ya ushindi na akiba 6.

"Mkono umejaa, lakini sina la kufanya"

Hili ndilo lalamiko nambari moja, na ndilo linalotibiwa vibaya kuliko yote. Mtu hukimbilia kuongeza karata nzuri zaidi, na mkono unazidi kuziba. Kabla ya kutia wala kutoa chochote, zitandaze zile 7 zilizokwama uzitazame ni za aina gani. Kila aina ina chanzo chake.

Kama zilizokwama zinadai disiplini, yaani zile nguvu maalumu za vampaya, ambazo vampaya wako waliopo mezani hawana, basi kripti imetawanyika. Hili ndilo gonjwa la popobawa hasa. Mpangaji anajiambia: popobawa ana popo, basi Animalism, haonekani, basi Obfuscate, anabadilika umbo, basi Protean, ana nguvu za ajabu, basi Potence. Disiplini nne. Halafu anatafuta ukoo wa kuzibeba. Nosferatu wana Animalism, Obfuscate na Potence. Gangrel wana Animalism, Fortitude na Protean. Basi anachukua sita huku na sita kule, picha zinapendeza, na deki imeshakufa kabla haijachanganywa.

Tazama kinachotokea. Mwanzo wa mchezo unapata vampaya 4 kutoka kripti, na kwa uwezo wa akiba yako utawatoa wawili, labda watatu. Wakitoka Nosferatu mmoja na Gangrel mmoja, karata za Obfuscate zinachezwa na mmoja tu, za Protean na mwingine tu, na yule mwenye Obfuscate akishalazwa kwa kufanya tendo, yaani karata yake imegeuzwa upande kuonyesha ameshatumika, karata zake zinabaki mkononi zikingoja zamu ijayo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Dawa ni kuiuliza hadithi inafanya nini, badala ya kuiuliza inafanana na nini. Popobawa anakuja bila kuonekana na anashambulia. Hayo mawili tu. Basi Animalism na Obfuscate, na Nosferatu wanazo zote mbili. Protean itupe. Inauma, najua, kwa sababu kugeuka umbo ndiko kunakosimuliwa sana, lakini mezani hakuna anayemwona akigeuka. Ukitaka mahali pa kuanzia pasipo na kazi kubwa, miongoni mwa deki zilizopangwa tayari za toleo la tano imo ya Nosferatu. Ichukue hiyo kama mifupa kisha uibadilishe kidogo kidogo.

Na Potence je, si Nosferatu wanayo? Wanayo, lakini hapa kuna mtego ambao wengi huuona baada ya kuchapwa. Karata ya Aid from Bats, ambayo kwa deki ya popobawa ndiyo roho yenyewe, inapiga kwa mbali na inakupa nafasi ya kusogea ili umbali huo uupate. Carrion Crows nayo inaumiza hata kwa mbali. Mpango mzima ni kusimama mbali na adui anayepiga kwa mikono asikufikie. Sasa mtu anaongeza Immortal Grapple kwa sababu ni karata maarufu ya Potence. Immortal Grapple inataka mkaribiane, na inalazimisha mapigo ya mikono peke yake. Popo wako wote wanakuwa hawana kazi. Karata zote mbili ni nzuri, ila haziwezi kukaa nyumba moja. Chagua popo.

Kama zilizokwama ni karata za siri, zile zinazomsaidia vampaya wako asizuiwe anapofanya tendo, chanzo ni kingine. Sheria inaruhusu kuongeza siri pale tu inapohitajika, yaani kuna mtu anajaribu kukuzuia na siri uliyonayo haimtoshi. Ukiwa na mawindo asiyezuia kabisa, Lost in Crowds tano mkononi ni mizigo. Wapangaji wa deki ya mumiani huugua hivi sana, kwa kuwa wanafikiri mtu wa kutoonekana lazima awe na siri nusu ya maktaba. Punguza, na nafasi nyingine uwape karata zenye kazi mbili. Swallowed by the Night ndiyo ninayoipenda: katika kiwango cha chini inaongeza siri, na kwa mwenye Obfuscate ya juu inaweza badala yake kutumika kusogea ndani ya pigano. Kwa deki ya popobawa hiyo ni karata ya dhahabu. Asipokuzuia mtu, bado itakupeleka mbali ili popo wafanye kazi yao.

Kama zilizokwama ni karata za mapigano, jiulize swali dogo: pigano linaanzaje? Popo na kunguru hawachezwi hewani. Wanangoja mtu akuzuie, au wewe umzuie mtu, au uwe na tendo la kwenda kumvamia. Wachezaji wenzako wakishaijua deki yako hawatakuzuia tena, na karata kumi na tano za mapigano zitalala mkononi kama zilivyo. Bum's Rush haihitaji disiplini na inakuruhusu kumfuata kibaraka wa mtu mwingine ukapigane naye. Raven Spy anampa vampaya wako uwezo wa kudumu wa kuzuia, kwa hiyo mapigano yanakufuata wewe. Deki ya mapigano isiyo na njia ya kuanzisha pigano ndiyo makosa ya mwanzo ninayoyaona kuliko yote, na huwa hayaonekani kwenye orodha kwa sababu kila karata ukiisoma peke yake ni nzuri.

Na kama zilizokwama ni karata za masta, zile unazozicheza wewe mwenyewe bila kupitia vampaya, hesabu yake ni ya dakika moja: kwa kawaida unacheza moja tu kwa kila zamu. Ukizifikisha 25 katika maktaba ya 80, mbili au tatu zitakuwa zimekaa mkononi muda wote. Punguza hadi kiasi cha 14 hivi.

Hapo kuna kipimo kinachosaidia katika kila kitu, si masta peke yake. Gawanya 80 kwa 7, unapata 11 na kidogo. Maana yake, kila karata 11 au 12 za aina moja ndani ya maktaba ya 80 ni sawa na karata moja mkononi kwa wastani. Unataka kila mara uwe na karata mbili za mapigano mkononi? Weka 23 hivi. Unataka moja ya kuamkia, yaani ya kumwezesha vampaya aliyelazwa azuie? Weka 11 au 12. Aina ambayo umeweka 3 tu, usiitegemee kwenye mpango, kwa sababu michezo mingi itakwisha hujaiona. Mchezo huu hauna kikomo cha nakala za karata moja, kwa hiyo usione haya kuweka Aid from Bats 10. Anayeogopa kurudia karata huishia na maktaba ya maonyesho.

Jaribio la nyumbani halihitaji mtu wa pili. Changanya, vuta 4 za kripti na 7 za maktaba, kisha cheza zamu tano za kujifanya peke yako mkekani, ukihesabu karata ngapi zimekaa mkononi tangu mwanzo bila kuguswa. Rudia mpaka uchoke. Karata ile ile ikikaa kila mara, itoe, hata kama ndiyo yenye picha uliyoipenda. Na kumbuka kwamba mwisho wa kila zamu una nafasi ya kutupa karata moja na kuvuta nyingine. Wengi huisahau wanapoona aibu kutupa karata nzuri.

"Wenzangu wana vampaya watatu, mimi sijatoa hata mmoja"

Hii inatokea zaidi kwa deki za ufalme: mtu anataka kujenga baraza la Sultani, lile la Beit al-Ajaib ya Barghash, kila kiti kina mkubwa wake. Ataweka wana wa mfalme na mawaziri, wote wa uwezo 8, 9, 10, na uwezo ndiyo damu unayomlipia vampaya ili atoke mezani. Barghash aliijenga nyumba yake 1883 kwa mali ya biashara na karafuu. Wewe una akiba 30.

Fanya hesabu. Kila zamu una pointi 4 za kuhamisha damu kutoka akiba kwenda kwa vampaya aliyefunikwa, yaani ambaye hujamtoa bado, na zamu ya kwanza ni pungufu: anayeanza ana 1, wa pili 2, wa tatu 3, wa nne na wa tano ndio wana 4. Vampaya wa uwezo 9 anahitaji zamu tatu ikiwa huna msaada. Wawili wa namna hiyo wamekula 18 kati ya 30, na sasa una 12 na mwindaji ameshaanza kazi kulia kwako.

Ukiwa na Dominate, Govern the Unaligned katika kiwango cha juu inamwekea vampaya mdogo aliyefunikwa damu 3 kutoka benki, wala si kutoka akibani. Kwa deki ya mumiani hii ni neema, kwa sababu karata ile ile ndiyo pia inayonyonya. Deki ya popobawa haina hiyo, kwa hiyo dawa yake ni kupanga kripti ya wadogo: wastani wa uwezo 5 au 6, mkubwa mmoja wa kuongoza hadithi, na wawili wa 3 au 4 wa kutoka haraka.

Huyo mkubwa wa hadithi ndiye huleta swali: niweke nakala ngapi? Kwa kripti ya 12 na kuvuta 4, nakala moja inakupa nafasi ya asilimia 33 ya kumwona mwanzoni. Nakala 2 ni asilimia 58, 3 ni asilimia 75, na 4 ni asilimia 86. Kama deki haifanyi kazi bila yeye, weka 4 na uvumilie kwamba nakala ya pili ikija mwanzoni ni mzigo tu, maana huwezi kuwatoa wawili. Kama deki inafanya kazi bila yeye, weka 2. Nakala moja ni ya mapambo. Kulipa pointi 4 zote za kuhamisha pamoja na akiba 1 ili kuvuta vampaya mwingine kutoka kripti inaruhusiwa, lakini ukijikuta unafanya hivyo kila mchezo, tatizo liko kwenye idadi ya nakala.

"Nimewalaza wote torpa, lakini hajatoka mtu"

Torpa ni usingizi wa vampaya aliyepigwa mpaka hawezi kufanya kazi. Huyu ana furaha usoni na sifuri kwenye pointi. Amepigana kama simba, kunguru wamejaa mezani, vibaraka wa mawindo wote wako torpa, na saa 2 za meza zimekwisha.

Pigano halipunguzi akiba. Hilo ndilo jambo ambalo popobawa analificha kwa sababu hadithi yake ni ya kuvamia. Mawindo aliyetumia 14 kutoa vampaya bado ana 16. Wewe una vampaya watatu, kila mmoja ananyonya 1. Ukinyonya kwa wote, zamu sita. Lakini hunyonyi kwa wote, maana wawili wako vitani. Hapo ni zamu kumi na sita, na hakuna atakayekungoja.

Mlinganishe na mumiani. Vampaya wa Malkavian, ukoo wenye Auspex, Dominate na Obfuscate, akiwa na Dominate ya juu anafanya Govern the Unaligned: 1 yake ya kawaida na 2 za karata, jumla 3. Anaongeza Conditioning, inakuwa 6. Tendo moja. Hadithi ya mumiani yenyewe ni ya kunyonya, na mchezo unalipa kunyonya. Ndiyo maana anayeanza namshauri aanze na mumiani kabla ya popobawa. Hata picha hazihitaji kubadilishwa sana: mtu wa kawaida, koti, macho yasiyotulia.

Popobawa anahitaji kukopa meno. Army of Rats ni Animalism na inamwondolea mawindo akiba 1 kila mwanzo wa zamu yake mpaka mtu ajitolee kuiondoa. Na ukishawaweka vibaraka wake torpa, nani wa kuiondoa? Hapo ndipo mapigano yanapopata maana. Laptop Computer inamwongezea anayeibeba kunyonya 1. Naam, popobawa na laptopu. Cheka umalize, halafu uiweke, kwa sababu vampaya wawili wanaonyonya 2 ni bora kuliko watatu wanaonyonya 1, na wa tatu anabaki huru kwenda vitani.

Kitu kingine ni nani unayempiga. Mpangaji wa deki ya vita hupiga yeyote aliyemkera, na kukerana mezani kwetu hakuhitaji sababu. Piga kibaraka anayekuzuia kunyonya. Wengine waache, hata kama mwenyewe anakutania.

"Mimi ndiye wa kwanza kutoka, kila siku"

Tazama kulia kwako. Watu wa deki za hadithi wanasahau kwamba nao ni mawindo ya mtu.

Kwanza hesabu ulichotumia mwenyewe. Nusu ya waliotolewa mapema walijitoa: vampaya wawili wakubwa, karata tatu za masta zenye bei, na mwindaji alimalizia tu. Akiba yako ikishuka chini ya 12 kabla hujamgusa mawindo, umetumia kupita kiasi. Blood Doll, inayokuruhusu kurudisha damu 1 kutoka kwa vampaya kwenda akibani kila zamu, inastahili nafasi karibu katika deki yoyote, ilimradi vampaya huyo awe na njia ya kupata damu tena.

Pili ni kinga. Mumiani wa Malkavian ana mbili za asili: Deflection ya Dominate na Telepathic Misdirection ya Auspex, zote zinamhamishia mtu mwingine mnyonyo uliokuja kwako. Mara nyingi huyo mwingine ni mawindo wako, kwa hiyo mwindaji wako anakufanyia kazi yako bure. Nosferatu hawana Dominate wala Auspex katika disiplini zao za ukoo. Popobawa hawezi kuhamisha. Anachoweza ni kuzuia: Raven Spy mapema, halafu On the Qui Vive au Wake with Evening's Freshness ili vampaya aliyelazwa aweze kuzuia kana kwamba ameinuliwa. Akizuia, pigano limeanza, na popo wako mkononi. Hapo mwindaji ataanza kufikiri mara mbili.

Mwindaji mwenye siri nyingi hutamzuia. Usijidanganye kwa kuongeza kunguru wa kupeleleza wanne zaidi. Tumia Bum's Rush kurudi nyuma na kumpiga yule vampaya wake mkuu, mara moja, mapema, kabla hajakunyonya hadi 8. Halafu geuka kushoto. Anayekaa anapigana na mwindaji mchezo mzima anamsaidia kila mtu mezani isipokuwa yeye mwenyewe.

Na usiwapeleke wote kazini kwa zamu moja. Aliyefanya tendo amelazwa, na aliyelazwa bila karata ya kuamkia hazuii kitu.

Matatizo madogo yanayoharibu mchezo

Deki imekataliwa kabla ya kuanza: karibu kila mara ni namba za makundi zilizoandikwa kwenye karata za vampaya. Vampaya wa kripti lazima wawe wa kundi moja au makundi mawili yanayofuatana. Aliyechagua kwa picha huwa na wa 2, 4 na 6. Hakuna njia ya mkato, badilisha.

Wewe na mwenzako mmetoa vampaya yule yule: mnagombania, na kila mmoja analipa akiba 1 mwanzo wa zamu yake ili aendelee kushikilia. Kwenye vijiwe vyetu ambapo watu wanachapisha kutoka orodha zile zile, hutokea sana. Pangeni mapema nani anacheza ukoo gani.

Maandishi ya karata yako hayafanani na ya mwenzako: mchezo ulitoka 1994 kwa jina la Jyhad, ukabadilishwa jina 1995, uchapishaji ukasimama 2010, kisha Black Chantry Productions ikauendeleza kuanzia 2018. Katika miaka hiyo maneno ya karata nyingi yamerekebishwa. Yanayofuatwa ni ya sasa, hata kama karata yako ya zamani inasema vingine. Mkubaliane kabla ya kuketi, si katikati ya pigano.

Karata zinajikunja, au zinajulikana kwa mgongo

Hili ni letu sisi watu wa visiwani. Masika yakiingia, karata zilizoachwa juu ya meza usiku mmoja zinainuka pembe, na karata iliyojikunja inajulikana ikiwa bado iko ndani ya maktaba. Wenzako wataona popo akija kabla hujamvuta.

Ziweke kwenye boksi linaloziba na vile vifuko vidogo vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Boksi liwe mbali na dirisha linalotazama bahari. Zikishajikunja, usizianike juani. Zilaze chini ya kitabu chochote kizito, kamusi kwa mfano, siku mbili tatu.

Kwa wanaochapisha kwenye steshenari, kosa ni karatasi. Karatasi ya kawaida peke yake ni nyepesi, na ndani ya mfuko wa karata inateleza. Kata kipande cha karatasi ulichochapisha, kiweke mbele ya karata ya kawaida ya kuchezea, vyote viwili ndani ya mfuko mmoja. Mgongo wa mfuko uwe hauonyeshi ndani, rangi moja kwa kripti na nyingine kwa maktaba. Mifuko yote ya maktaba inunuliwe siku moja, kwa sababu mipya ikichanganywa na iliyochakaa, vidole vinajua tofauti.

"Sasa inashinda, lakini popobawa hayumo"

Hili ni tatizo la kweli, na wachezaji wa mashindano hulidharau. Umetoa Protean, umetia laptopu, umerudia karata ile ile mara kumi. Kilichobaki ni deki ya Nosferatu ya kawaida.

Kuna nafasi za hadithi ambazo hazigharimu chochote. Pale karata mbili zinapofanya kazi karibu sawa, chukua inayofaa kisa. Karata za kuamkia kwa mfano: mwaka 1995 watu wa Pemba na Unguja walikuwa wanalala nje kwa makundi, moto umewashwa, wakikesha kwa kumwogopa. Wake with Evening's Freshness inakaa ndani ya kisa hicho vizuri kuliko karata yoyote yenye picha ya mabawa. Kunguru nao, mtu wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa habari zao.

Ukichapisha mwenyewe, badilisha picha na uache jina la karata na maandishi ya sheria yaonekane wazi, wenzako wasome bila kukuuliza. Picha ya popo wa Kidike itapendeza kwenye Aid from Bats. Yule ni popo mkubwa anayepatikana Pemba peke yake, anakula matunda na hana habari na damu ya mtu. Popo wanaonyonya damu wako bara la Amerika. Kwa hiyo usimtie damu mdomoni. Mpemba akiiona atakusimamisha.

Halafu weka karata 6 za hadithi tupu, zisizosaidia ushindi. Kwa kipimo cha 11, hiyo ni nusu karata mkononi. Deki inaibeba bila kuyumba. Zikifika 15 umerudi kwenye lalamiko la kwanza.

Jambo la mwisho ni la adabu. Kwa kijana wa leo popobawa ni kichekesho, kwa aliyekuwa mtu mzima 1995 si hivyo, na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa vyama vingi, kwa hiyo wapo ambao hawawezi kuvitenganisha visa hivyo viwili. Mkicheza barzani baada ya tarawehe na wazee wamekaa pembeni na kahawa zao, usitangaze jina la deki kwa sauti, wala usiandike jina la mtaa au la mtu kwenye karata yoyote. Mzee akiuliza mnacheza nini, mwambie ni karata za popo, umwonyeshe yule wa Kidike.